Noreen Hackwood, Mwalimu wa Kilcarra, na Siku ya Kura

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliosafiri tangu jana kufika Kilcarra, mimi Janelle nasoma haya kwa niaba ya familia, mtanivumilia sauti ikinikatika.

Mama yetu, Noreen Beryl Hackwood, alizaliwa tarehe 14 Juni 1948 hapa hapa Kilcarra, Queensland, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mchimba makaa ya mawe Clarrie Pascoe na mkewe Edna, akasoma shule hii mnayoiona ng'ambo ya barabara, akaiacha akiwa na miaka kumi na mitano, akaenda kuuza mikate.

Tarehe 9 Mei 1970 alifunga ndoa na baba, hayati Victor Hackwood, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Glen tarehe 2 Septemba 1971, na mimi mwaka 1978. Katikati ya hapo serikali ilifuta ada za vyuo, na mama, mke wa mchimbaji mwenye mtoto mdogo, akaingia chuo cha ualimu Rockhampton mwaka 1975, akarudi kufundisha hapa hadi alipostaafu mwaka 2008.

Chama kilichofuta ada hakukisahau. Kila uchaguzi mkuu alisimama kwenye lango la shule, ambako ndiko tunakopigia kura, akigawa vikaratasi vyake vya kuwaonyesha wapiga kura namna ya kukichagua, viongozi wakaja na kuondoka, wengine hata yeye hakuwapenda, kuna mmoja ambaye mama alisema ana uso wa mtu anayeuza friji mbovu, lakini vikaratasi vyake alivigawa vivyo hivyo, akituambia sisi watoto tusiangalie sura, tuangalie sera.

Tarehe 18 Mei 2019, siku ya kura, chama chake kilikuwa kinasema migodi ya makaa itafungwa kidogo kidogo, na Glen, dereva wa malori ya mgodini, alisimama upande wa pili wa lango akigawa vikaratasi vya wapinzani, watu wakiwa kwenye foleni wanakula soseji zinazochomwa pale kila siku ya kura.

"Mama, ulinifundisha niangalie sera," Glen alimwambia. "Nimeiangalia. Hii yako inanifukuza kazi."

"Umeangalia sera, au umempenda yule kiongozi wenu kwa sababu anavaa kofia kama yako?"

Foleni ikacheka, Glen hakucheka, na mama kwa hasira akamwambia asije kwake kula Jumapili kama kawaida yake. Hakuja Jumapili ile, wala iliyofuata, na nyumba zao zilitenganishwa na mitaa mitatu tu.

Tarehe 9 Februari 2021 Glen alifariki kwa ajali ya gari akitoka zamu, akiwa na miaka arobaini na tisa. Siku ya mazishi mama alimwambia Tarryn, mke wa Glen, kwamba muda wote ule alikuwa anamsubiri Glen aanze yeye kupiga simu, na Tarryn akamjibu, taratibu sana, kwamba Glen naye alikuwa anasubiri hivyo hivyo.

Uchaguzi wa mwaka 2022 chama kilipomfuata, aliwaambia watafute mwingine. Alipanga foleni kama watu wote, akakaa muda mrefu kwenye kibanda cha kura, akatoka, na hadi leo hatujui alimpigia nani.

Aprili 2023 aligundulika na kansa ya kongosho, akatibiwa Mackay, na huko ndiko umauti ulikomfika, Alhamisi tarehe 18 Januari 2024 saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano. Wiki moja kabla alinishika mkono, akasema, "Ukisoma historia yangu, na la Glen ulisome. Usinipambe."

Nimelisoma, mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, walimu wenzake, wanachama wenzake, na ninyi mliosimama na Glen upande ule wa lango, ambao mmetuletea chakula tangu siku ya kwanza ya msiba.

Ameacha binti mmoja, mkwe na wajukuu watatu. Tunamlaza kando ya Glen, Tarryn ametukubalia.

Mama, hamna tena wa kuanza wala wa kusubiri. Pumzika naye kwa amani.