Neno Alilotukataza Dkt. Byron Odera

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo, Dkt. Byron Odera, alizaliwa Awasi tarehe 14 Machi 1983, kifungua mimba wa Mzee Absalom na Mama Seline, akasoma shule za hapa nyumbani, na mwaka wa 2008 akaenda Ujerumani kusomea fizikia, ingawa majirani walidhani ni udaktari wa sindano, na mpaka leo wapo wanaodhani hivyo.

Alirudi mwaka wa 2014, akafundisha chuo kikuu mjini Kisumu, akafunga ndoa na Winny Nabwire kanisani Otonglo tarehe 12 Desemba 2015, wakajaliwa binti mmoja, Celestine.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza mawimbi ya mvutano, mtikisiko mdogo mno unaosafiri angani mashimo meusi mawili, vitu vizito mno ambavyo hata mwanga hauponyoki, yanapogongana, na alichotafuta ni shimo jepesi kuliko jua, kwa sababu nyota ikifa haiachi shimo jepesi namna hiyo, kwa hiyo likipatikana lazima liwe lilizaliwa ulimwengu ulipoanza, kabla ya nyota yoyote. Mwaka wa 2023 aliona dalili yake katika wimbi moja, Mzee akachinja fahali, Awasi nzima ikala ikashiba, kisha baada ya miezi ya kupima upya Byron akaja kutuambia kwamba huenda ilikuwa kelele ya mitambo tu, na Mzee hakumsemesha mpaka Krismasi.

Februari 2025 alipatikana na saratani ya koo, akaendelea kupima wimbi lile akiwa kitandani hata sauti ilipomwishia, na akafariki Jumanne tarehe 4 Novemba, bila jibu.

Juzi kwenye kikao cha mazishi, Mzee alitaka tuandike kwamba aligundua, akisema mwanawe hawezi kuzikwa mikono mitupu, na wengi wetu tulimuunga mkono, maana inauma, hatufichi, kuona miaka yote hiyo imekwisha bila kitu cha kuonyesha. Winny ndiye aliyekataa.

"Baba, alininong'oneza mwenyewe," alisema. "Msiandike aligundua. Andikeni alitafuta."

Mzee aliomba kalamu, akalikata neno lile kwa mkono wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa chuoni, ambao wameahidi kuendelea kulipima wimbi lile, nasi tunawaomba jibu likipatikana, liwe zuri au baya, walilete hapa Awasi, kwa sababu Mzee analingoja.

Byron, ulitafuta. Sasa pumzika kwa amani.