Kumuaga Felismina, na Shuka Lililoziba Mto

Ijumaa ya tarehe 27 Juni, Felismina Quadros atafunga dirisha lake katika ofisi yetu ya wageni kwa mara ya mwisho. Ameitumikia ofisi hii miaka thelathini na minne, na kwa muda wote huo swali aliloulizwa zaidi lilikuwa moja: Lisboa itazamwe kutoka wapi? Sisi wengine tulijibu kwa kuonyesha ramani ukutani. Yeye aliegemea kaunta kwanza, akatazama viatu vya mgeni.

Ndiyo, viatu. Mwenye visigino virefu alielekezwa kwenye lifti. Mwenye raba nzuri alipewa ngazi, tena ngazi za kweli. Maharusi waliokuja wamenuniana aliwapeleka juu kabisa, kilima cha Graça, wakati wa jua kuchwa, kisha wakishatoka anatuambia, "Wakifika pale hawatakuwa na pumzi ya kugombana." Wengi walirudi kushukuru. Bwana mmoja alirudi kulalamikia magoti yake, akapewa kiti na kahawa, akaondoka anacheka.

Alianza kwa kupanga vipeperushi kwenye rafu. Punde mkuu wa wakati ule akamtuma akatafute mahali papya pa kutazamia mji, maana pale panapojulikana palikuwa hapatoshi hata pa kuweka kiwiko. Felismina alikuwa na namna yake ya kutafuta. Hakuuliza mandhari iko wapi. Aliuliza wazee wa mtaa wanachezea karata wapi, na vijana wanakwenda kubusiana wapi. "Wazee wanataka jua, vijana wanataka kujificha," alitueleza. "Wote utawakuta juu, wameupa mji mgongo wanautazama mto."

Nilifuatana naye mara kadhaa kwenye matembezi hayo na miguu yangu bado inakumbuka. Felismina hapandi polepole. Anapanda huku akisalimia kila dirisha, anauliza habari za mgonjwa, anamtania muuza samaki, na wewe nyuma unahema tu. Usipoangalia unajikuta umekalishwa jikoni kwa mama usiyemjua, supu ya kabichi mbele yako. Nusu ya sehemu zilizomo kwenye ramani yetu leo zilipatikana kwa njia hiyo, na kwa hilo ofisi nzima inamshukuru.

Lakini mwenyewe ametuagiza tusiandike sifa tupu. Ametaka tueleze na habari ya kichochoro cha Salsa.

Ni kichochoro kidogo cha mtaa wa Alfama, alikozaliwa na anakoishi hadi leo. Mwisho wake kuna kiwanja chenye ukingo wa chuma, na ukisimama pale mto Tejo wote uko mbele yako, mapaa ya vigae yakishuka hadi majini. Miaka mingi iliyopita, kwa kujivunia kwao, Felismina alikitia kiwanja kile kwenye ramani yetu. Kuhusu mandhari hakukosea. Alichosahau, yeye mzaliwa wa pale, ni kwamba kile ni kiwanja cha kina mama cha kuanikia nguo.

Wageni wakaja makundi kwa makundi, kamera mkononi. Chupi za Dona Zulmira, jirani yake wa ukuta mmoja, zikasafiri dunia nzima ilhali mwenyewe hajawahi kuvuka mto. Dona Zulmira ndiye aliyemlea Felismina wakati mama yake akiwa kiwandani. Alichukua shuka kubwa la kitanda, akalianika kutoka mwanzo wa ukingo hadi mwisho, mto ukafunikwa wote. "Haya," akawaambia wageni, "pigeni picha hii!"

Juni ilipofika, mkesha wa Mtakatifu Antoni, Felismina alimpelekea chungu chake cha mrehani chenye ua la karatasi, kama jirani anavyompelekea jirani kila mwaka. Asubuhi akakikuta mlangoni kwake. Kwetu kurudishiwa mrehani ni kuambiwa wewe si wetu tena. Siku hiyo alikuja kazini macho mekundu. "Nimewauza watu wangu kwa kipeperushi," akasema.

Alihakikisha kiwanja kinatolewa kwenye ramani. Jumapili zake akazitumia kusimama chini ya ngazi, akiwageuza wageni kwa upole na kuwaelekeza kwingine. Wageni wakapungua hadi wakaisha. Shuka likabaki, jua na mvua. Miaka ikapita, na Dona Zulmira akawa anamsalimia kama anavyomsalimia mleta barua.

Majira ya baridi ya mwaka juzi upepo uling'oa shuka lile ukalitupa juu ya mapaa ya chini. Mto ukawa wazi. Mtu mwingine angevuta kiti akaketi, na mimi ningekuwa wa kwanza. Felismina aliteremka akabisha hodi nyumba kwa nyumba, akaliopoa kwa mpini wa fagio, akalifua, akalipiga pasi, akapanda na kulianika palepale lilipokuwa. Dona Zulmira alikuwa dirishani. "Upande wa kushoto umelivuta sana," akamwambia. Felismina alitusimulia maneno hayo wiki nzima, utadhani amepewa nishani.

Mwezi huu, mkesha wa Mtakatifu Antoni, alitualika kichochoroni tule sadini za kuchoma. Moshi ulikuwa umejaa, mikono inanuka samaki, na shuka lilikuwa mahali pake. Ndipo Dona Zulmira, ambaye sasa ana zaidi ya miaka themanini, akatoka na aproni yake.

"Nasikia unastaafu, wewe mtoto."

"Ndiyo, Dona Zulmira."

"Kwa hiyo huleti watu tena?"

"Sileti."

"Na hawa je?" Akatunyooshea kidole sisi sote, na mikate yetu mkononi.

"Hawa ni wenzangu wa kazini."

"Basi wajilie. Picha hapana."

Akaenda kwenye ukingo, akaanza kutoa vibanio na kuvitia mfukoni. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. "Unasimama tu? Shika huko," akasema. Felismina akashika pembe zake, mwenzake akashika za kwake, wakalinyoosha, wakalikunja, wakasogeleana hadi mikono ikakutana, na Dona Zulmira hakuiachia upesi. Nyuma yao Tejo ulikuwa wazi wote. Kisha akaingia ndani akatoka na chungu cha mrehani, akamkabidhi Felismina. Tulilia, wakubwa kwa wadogo, na tukasingizia moshi. Hakuna aliyetoa simu.

Felismina, asante kwa ngazi zote ulizotupandisha, kwa kahawa, kwa vicheko, na kwa kutuonyesha jinsi mtu anavyorekebisha kosa lake bila kudai kusamehewa. Tunakutakia afya, magoti imara na jioni nyingi kwenye ukingo wa kwenu, jirani yako akiwa pembeni. Na mgeni atakayekuja dirishani kwako kutuuliza mandhari nzuri kuliko zote iko wapi, tutatazama viatu vyake, kisha tutamwelekeza kwingine.