Mahali Nilipofunga Kitabu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na anipe uso wa kuwatazama mpaka nimalize.

Nimekuwa nikiombwa kutoa ushuhuda tangu tulipohamia mjini, hapa Izia, na kila mara nimepata sababu. Mara kifua kinanibana, mara nina wageni. Ukweli ni kwamba naona haya. Wenzangu wanaposimama hapa wanasema walikuwa walevi, mwingine alikuwa akienda kwa waganga, na sisi tunapiga makofi. Mimi sikulewa, wala sikwenda kwa mganga. Mimi nilikuwa msomaji wa jumuiya. Dhambi yangu niliitenda nikiwa na Biblia mkononi, kitambaa kichwani, rozari shingoni.

Kwetu ni upande wa Mwazye. Nilimaliza darasa la saba, na katika jumuiya yetu ya akina mama mimi ndiye niliyesoma bila kukwamakwama. Kila Alhamisi saa kumi jioni tulikutana, nikasoma Injili ya Jumapili inayokuja kwa Kiswahili, kisha nikaifafanua kwa Kifipa kwa ajili ya bibi zetu. Ndugu zangu, nilikipenda kiti kile kupita kiasi. Nikisema Yesu alikasirika, wote wanakunja uso. Nikisema alihurumia, wanafuta machozi. Taratibu nikaanza kuona kama Yesu ni mtu wa nyumbani kwangu, na nikisema mimi ndiyo amesema yeye.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipoachiwa huria. Madukani sabuni na nguo zilirudi tele, malori ya wafanyabiashara yakawa yanafuata mahindi mpaka vijijini, lakini mbolea ya ruzuku ikaondolewa. Tukarudi kwenye kilimo cha wazee wetu. Mvua zinapokaribia kuisha unafyeka majani, unayarundika, unayafunika kwa udongo uwe tuta la mviringo tunaloliita ntumba. Majani yanaoza humo ndani, nawe juu yake unapanda maharage. Msimu unaofuata unalisambaza lile tuta na kupanda ulezi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na tuta likikanyagwa kabla majani hayajaoza, umekula hasara ya misimu miwili.

Miaka hiyo hiyo ndipo zilipohamia familia za Wasukuma na ng'ombe wao. Mmoja wao, Masanja, alijenga ng'ambo ya kijito, jirani na shamba langu. Ng'ombe wake wakaingia kwenye matuta yangu wakayasawazisha kama uwanja wa mpira. Masanja mwenyewe alikuja kuomba radhi, akaleta ng'ombe wa maziwa. Mume wangu alimpokea ng'ombe, wakapeana mikono, yakaisha. Kwangu hayakuisha. Nilikuwa nakunywa maziwa ya ng'ombe yule huku moyo umenuna.

Sasa, mke wa Masanja aliitwa Nkwimba, mwanamke kijana, hajabatizwa. Binti yao mdogo, Kabula, alikuwa na kifafa. Alishawahi kuangukia motoni, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Nkwimba alisikia kwa akina mama kisimani kwamba tunasoma habari za mtu aliyeponya watoto. Alhamisi moja akaja, akatusalimu kwa heshima, akakaa mlangoni na binti yake mgongoni. Akaja tena na tena. Kifipa hakukijua, kwa hiyo alishika yale tu niliyosoma kwa Kiswahili, na nilipoanza kufafanua aliinamisha kichwa akangoja. Sikuwahi kumfafanulia hata neno moja.

Ndipo ikafika zamu ya Injili ya mama Mkanaani. Mnaijua. Mama wa taifa jingine anamfuata Yesu akilia kwa ajili ya binti yake anayeteswa. Yesu ananyamaza. Wanafunzi wanataka mama yule aondolewe. Kisha Yesu anasema si vema kuchukua chakula cha watoto na kuwatupia mbwa.

Nilisoma mpaka hapo. Nikainua macho, nikamwona Nkwimba mlangoni, upepo wa Agosti unampeperusha kanga. Nikayakumbuka matuta yangu. Nikafunga kitabu.

Bibi Felista, mzee wetu aliyekuwa haoni tena, akauliza, "Gaudensia, mwanangu, mbona leo fupi?"

Nikamjibu, "Ndipo inapoishia, bibi."

Ndugu zangu, nilimdanganya mzee kipofu juu ya Neno la Mungu. Na sikuishia hapo. Siku zote nilifafanua kwa Kifipa, lakini siku ile nilifafanua kwa Kiswahili, ili asikie anayehusika. Nikasema Bwana ana watu wake, na wengine wanapaswa kujua mahali pao. Nilisema kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya kanisani.

Wakati wa maombi kila mtu alisema haja yake. Nilidhani Nkwimba ameshaondoka. Kumbe yupo. Akasema polepole, akiitazama ile Biblia iliyofungwa wala si mimi, "Mama, nimesikia. Mimi sikatai kuitwa hivyo. Lakini hata kwetu, mtoto akidondosha ugali, mbwa anaokota, na hakuna anayemfukuza. Mimi naombea Kabula hicho kilichodondoka."

Hajui kusoma. Hakuwahi kuisikia habari ile. Na alikuwa ameyasema yale yale ambayo mama Mkanaani alimjibu Bwana, yale niliyoyafungia ndani ya kitabu!

Bibi Felista alicheka kwa furaha. Akasema maneno hayo anayajua, padre wa zamani aliwahi kuwahubiria, tena yana jibu lake zuri. "Fungua tena, mwanangu. Tusomee jibu la Bwana."

Hapo ndipo ningeweza kupona siku ile ile. Kitabu kilikuwa mapajani. Nikasema jua limeshuka, sioni herufi, tufunge kwa Baba Yetu. Na jua lilikuwa bado linawaka ukutani.

Nkwimba akaacha kuja. Mimi niliendelea kusoma, lakini sauti ikawa inakwama, mimi niliyejisifu kwa kutokwama. Kila nikifungua kitabu, kilikuwa kinafunguka pale pale. Nilikonda. Mume wangu akadhani ni malaria. Mwishowe padre alipokuja kigangoni nikaenda kuungama, nikamweleza yote nikilia. Hakunipa rozari za kusali. Aliniambia nikasome kipande kilichobaki, kwanza kwa yule mama, halafu kwa jumuiya.

Nilivuka kijito nikipita katikati ya shamba langu mwenyewe. Nkwimba alinipokea kwa magoti, ndugu zangu. Alisema "Shikamoo, mama," akanipa kigoda, akaniletea maziwa mgando. Sikuweza kuyanywa. Nilimwomba akae, nikasoma. Nikasoma jibu la mama Mkanaani, kisha jibu la Bwana, kwamba imani yake ni kubwa, na iwe kwake kama anavyotaka, na binti yake akapona saa ile.

Alinifanya nirudie mara tatu. Kisha akauliza, "Siku ile, haya yalikuwemo?"

Nikasema, "Yalikuwemo."

Akamlaza Kabula mapajani. Halafu akasema, "Basi Yesu hakunifukuza. Ulikuwa ni wewe." Wala hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, machozi yanamtoka, anatabasamu. Miezi yote ile alikuwa akiamini ni Bwana aliyemfukuza.

Alhamisi iliyofuata Nkwimba alikuja, akakaa pale pale mlangoni, nami nilisoma yote mbele ya jumuiya, nikaeleza nilichofanya. Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Felista alisogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki, akaita kwa Kiswahili chake cha shida, "Mama Kabula, njoo ndani." Akaingia.

Kabula nilimsindikiza mwenyewe hospitali hapa Sumbawanga, akaanzishiwa dawa. Bado anaanguka, ila mara chache. Siwezi kudanganya tena, niseme alipona saa ile. Ninachojua ni kwamba mimi nilikuwa nimefungwa, na Bwana alinifungua kwa kinywa cha mwanamke niliyemwita mbwa. Namshukuru, ingawa kushukuru kwenyewe kunaniuma.

Ndugu yangu uliyekaa karibu na mlango, labda na wewe uliwahi kusomewa mpaka katikati. Uliambiwa Yesu hakutaki, ukaondoka na mtoto wako mgongoni. Rudi, umtumaini. Yeye hakukufukuza. Nilikuwa ni mimi.