Malkia Aliyenyooshwa

Haya alinisimulia binti yangu jana jioni, hata viatu hajavua. Mbele yake kwenye basi walikaa fundi cherehani na kinyozi aliyemfunga kwenye fainali ya sataranji.

“Malkia alikaa upande, nikamnyoosha tu kama kola,” fundi akalalamika.

“Ukiigusa kete, lazima uisogeze. Ukamsogeza, nikamla!” Kinyozi akacheka. “Kosa ni mwalimu, bwana. Jifunze kuzuia mikono.”

Mshindi hana haya. Alihubiri mpaka usingizi ukamchukua, kombe mapajani.

Kondakta akaita kituo ambacho kinyozi alisema atashukia. “Fundi, mwamshe mwenzio!”

Fundi akafutika mikono kwapani. “Nimguse tena? Mimi nimeshajifunza, ndugu yangu.”

Basi likaondoka na mshindi wake, na fundi naye akalala fofofo.