Wamempoza kwa Makusudi

Mkabala na lango la hospitali kuna benchi la muuza kahawa, na asubuhi hiyo Fundi Friji alikuwa amejibwaga hapo, hoi, blanketi la nyumbani mapajani. Moyo wa mdogo wake ulisimama jana akiwa kazini. Ukashtuliwa kwa umeme, ukarudi, lakini mwenyewe hajaamka, na sasa madaktari wanampoza. Mama yao alimgusa mkono, akaukuta wa baridi, akaagiza blanketi. Fundi amelifikisha hapo benchini, akaishiwa nguvu za kuingia nalo ndani.

— Wanampoza na nini, barafu? akauliza Kinyozi, aliyeketi kando yake.

— Kalazwa juu ya godoro linalopitisha maji baridi. Vifuko vya barafu kwapani na kwenye kinena. Hata dripu ni ya baridi.

— Du! Mtu mzima, kama soda?

— Ubongo ukipoa hauhitaji hewa nyingi. Unapumzishwa, usizidi kuumia.

Alikuwa amechoka kueleza. Tangu jana ameshawaeleza mashangazi, wajomba na majirani, na kila mmoja alimjibu kwamba huko ni kumuua mtu.

— Sasa si wangemtia tu kwenye friji lako? akadakia Bwana Mipango, asiye na kazi ila ana jibu la kila kitu. — Samaki wa barafu hukaa mwezi mzima, na macho bado anakukodolea!

Kinyozi akamkanyaga mguu.

— Usimsikilize, fundi. Mi naona ni ujanja. Kifo kinakuja, kinamgusa, kinakuta baridi. Kinadhani kazi imeshafanyika, kinajiendea zake.

Fundi alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

Mama akatoka langoni, akivuta miguu. Wote wakamwamkia, akaitikia, akaketi.

— Blanketi umeleta?

— Nimeleta, mama. Ila tukimfunika tutamharibia. Kesho wataanza kumpasha joto wenyewe, kidogo kidogo.

— Haya.

Fundi alikuwa amejiandaa kubishana naye. Ile "haya" ilimuumiza zaidi.

— Wewe ndiye unayejua mambo ya baridi, baba, mama akasema. — Hebu niambie. Humo alimo, nikimwita, ananisikia?

Muuza kahawa akashusha birika. Kinyozi akainamia viatu vyake.

— Sijui, mama, Fundi akasema. — Wewe mwite tu.