Kidato cha Pili B Kimenyamaza

Benchi la kahawa limeegemea ukuta wa shule, chini kabisa ya dirisha la Kidato cha Pili B, darasa lililokwisha kula walimu watatu muhula huu: wa kwanza alihama, wa pili aliugua, wa tatu alikwenda kuchukua chaki na hajarudi mpaka leo. Watu wa benchi walishazoea kupaza sauti ili waishinde ile ghasia. Kinara wake ni binti wa Fundi Cherehani, ambaye mtaa mzima humwita Honi. Mwalimu mkuu kamwandikia baba yake barua: kosa moja tena kabla Ijumaa haijaisha, afungashe. Leo ndiyo Ijumaa, na tangu Jumatatu, alipoingia mwalimu mpya, mwanamke mfupi asiye na fimbo, dirisha halijatoa hata chafya.

— Mnasikia? — Fundi aliuliza.

— Sisikii kitu, — alijibu Profesa, kinyozi aliyeishia darasa la sita.

— Ndiyo hicho! Watoto hamsini na nane!

— Makubwa haya, — alisema Mstaafu, karani wa zamani wa mahakama, akavua kofia kama yuko msibani.

— Dawa hiyo, — alisema Profesa. — Kaichanganya kwenye chaki. Vumbi likiwaingia puani, wanalegea. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Haraka inaingiaje hapo, Profesa?

— Vumbi linashuka polepole. Fikiri, mzee!

— Mimi nasema ana siri zao, — alisema Mstaafu, — kila mtoto na faili lake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Jana wametoka wote, sikuona anayechechemea, — alisema Mama Kahawa akimimina.

— Wanavunjika kwa ndani!

Fundi hakucheka. — Jana Honi kanisaidia kupiga pasi nguo za wateja, kimya. Midomo tu inacheza. Namuuliza, mwanangu unaumwa? Ananiambia, baba, nafanya mazoezi.

— Mazoezi ya nini?

— Hakusema.

— Si mnaona! — Profesa alipanda juu ya benchi. — Wanazungumza bila sauti, kama samaki! Mama yule si wa kawaida, jamani. Anaweza kunyamazisha soko!

— Radi! — Mstaafu alidakia.

— Anaweza kunyamazisha hata mama mkwe wangu!

— Na wakimfukuza Honi leo, — Fundi alipiga kelele kuwapita wote, — nitampeleka wapi mimi?

Geti likafunguka. Mwanamke mfupi alisimama pale, vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Samahani, darasa hili la nje, mwalimu wake ni nani?

Wakatazamana. Mstaafu, aliyewahi kuwajibu mahakimu, alivaa kofia na kuishusha hadi machoni. Mama Kahawa akaangalia birika.

— Mwalimu, — Fundi alisema kwa shida, — binti yangu kakosa?

— Binti yako yuko mbele anasoma, Fundi. Wenzake wa nyuma hawamsikii.

Akarudi ndani. Profesa alishuka benchini kwa kunyata, mguu mmoja baada ya mwingine. Ndipo sauti ikatoka dirishani, ya Honi, peke yake. Ilijikwaa kwenye neno, ikasita. Hakuna aliyecheka. Watoto hamsini na saba walimsubiri mpaka akalipata, akaendelea.

Mama Kahawa aliinamisha birika. Fundi akafunika kikombe kwa kiganja, kahawa isije ikalia.