Bi Madoa Ataagwa Nje ya Geti

Ijumaa hii, mwisho wa mwezi, mwenzetu tunayemwita Bi Madoa anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha eksirei cha kiwanda chetu cha dawa. Ataagwa nje ya geti la jengo jipya. Wanaoshangaa wasome hadi mwisho.

Kazi yake ilikuwa kutazama madoa. Chembe ya dawa iliyoganda vizuri, yaani fuwele, hupigwa eksirei, na miale inayotawanyika huonekana kwenye kompyuta kama madoa meupe yaliyopangwa safu kwa safu, mengine makali, mengine hafifu. Ukali wa kila doa husaidia kueleza jinsi dawa ilivyojipanga ndani. Wengi wetu tuliiachia programu ichague mwangaza yenyewe, picha itoke safi, tukanywe chai. Bi Madoa hakuiamini hata siku moja. Alishusha kikomo cha mwangaza hadi madoa makali yakavimba kama maandazi, kisha akachungulia giza lililobaki katikati. Tulimtania kwamba anatafuta panya. Aliyeingia bila kubisha hodi alifukuzwa, awe mfagiaji au mkurugenzi, na mkurugenzi ndiye aliyefukuzwa mara nyingi zaidi.

Miaka sita iliyopita alikuta kitu. Kwenye dawa ya kifafa tuliyoitengeneza tangu zamani, kulikuwa na madoa hafifu yasiyokaa kwenye safu yoyote. Programu iliyachukulia kuwa takataka. Yeye alisema mna fuwele nyingine humo, dawa ile ile iliyojipanga kwa namna tusiyoijua. Akachukua punje kwa ncha ya sindano, akaivusha korido hadi chumba cha pili, ailinganishe na sampuli za zamani. Yeyote kati yetu angefanya vivyo hivyo.

Wiki iliyofuata sampuli za zamani nazo zikageuka. Mkemia wetu akapika upya, vipimo vile vile, moto ule ule, na kila chupa ikatoa fuwele ngeni. Tuliosha vyumba, tukatupa vyombo. Wapi! Punje isiyoonekana kwa macho ilitosha kuifundisha chupa nzima umbo jipya, na umbo la zamani likakataa kurudi, kana kwamba halikuwahi kuwepo. Tuliogopa, tuseme ukweli. Watu wazima walikung'uta makoti mlangoni na kutazama viganja vyao wenyewe.

Umbo hilo jipya haliyeyuki mwilini. Anayelimeza ni kama kameza mchanga. Na mdogo wake Bi Madoa, wa tumbo moja, anaishi kwa dawa hiyo. Akiikosa siku chache tu, huanguka. Bi Madoa hakulia mbele yetu. Alisema tutafute mahali papya, mbali, na watu ambao hawajawahi kukanyaga kwetu wala kubeba punje zetu kwenye nguo na ngozi, na kwamba yeye mwenyewe hatafika huko mpaka siku ya mwisho ya kazi.

Jengo likasimama upande wa pili wa mji, na humo umbo la zamani likakubali kutoka. Picha zilitumwa kwenye kompyuta yake, naye akawafundisha vijana wa kule kwa simu jinsi ya kushusha mwangaza bila kuogopa wanachokiona. Wanamwita mama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumgusa.

Ijumaa atafika. Vijana watasimama ndani ya geti, yeye ng'ambo ya barabara, na ameagiza asisogelewe wala kushikwa mkono, hata kama atawaita mwenyewe. Kando yake atasimama mdogo wake, mzima wa afya. Sisi wa jengo la zamani, ambao hatuna cha kuambukizwa tena, tutamkumbatia kwa niaba ya wote.

Asante, dada yetu. Pumzika kwa raha, na mdogo wako asianguke tena.